Kufunga Naweza, Kula Ndiko Kunanishinda: Shajara ya Siku Arobaini

Kabla ya kuanza

Sukari ya asubuhi kabla ya kula: 6.6. Presha: 146 kwa 92. Uzito: kilo 94. Kiuno: sentimita 108.

Naandika haya nyuma ya kitabu cha risiti cha duka la vipuri vya magari ninakouza, kwa kuwa hicho ndicho kitabu ninachokifungua kila siku bila kukumbushwa. Ningependa kusema hivyo kuhusu Biblia pia, lakini shajara ya uongo haina faida.

Kanisani naitwa Mzee wa Mfungo. Kwa miaka kumi na miwili nimesimamia maombi ya Ijumaa. Hufunga kavu, hata maji sionji, tangu Alhamisi usiku hadi saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa, na kila Januari naongoza siku ishirini na moja. Kwa hiyo muuguzi aliponionyesha ile 6.6 na kunieleza kwamba 7.0 ikionekana mara mbili huitwa kisukari, nilimjibu kwa majivuno kidogo: "Dada, mimi ni mtu wa kufunga."

Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza madhabahuni: "Na ukifungua, mzee, unakula nini?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Chapati nne, wakati mwingine tano. Mchuzi wa nyama. Soda ya nusu lita. Halafu chai. Halafu kile kilichobaki kwenye sahani za watoto, maana chakula hakitupwi. Nikaona aibu kumaliza mkono wa pili.

"Basi nipe siku arobaini bila kufunga," akasema. "Kula mara tatu kila siku, na kila mara kwa kiasi."

Nilitoka nimekasirika. Kuniambia mimi nisifunge! Nikapita kwa mchungaji nikitumaini atanitetea. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mzee, kwenye Wagalatia sura ya tano, kiasi ndilo neno la mwisho katika tunda la Roho. Wengine tunakuwa tumeshiba kabla hatujalifikia."

Masharti niliyojiandikia: hakuna kufunga. Sahani moja bila kuongeza, nusu yake mboga. Sukari gramu 25 kwa siku, soda hapana. Kula nimekaa. Kuandika, hata siku mbaya.

Siku ya 1, Jumatatu

Binti yangu huoka keki za oda na ana mizani ndogo ya jikoni. Nikamwomba tupime kijiko changu cha sukari. Kijiko bapa kilikuja gramu 4, kama vitabu vinavyosema. "Sasa chota kama unavyochota siku zote, Baba," akasema. Nikachota. Kilima kikasimama juu ya kijiko, chembe zikaporomoka mezani. Gramu 7.

Vijiko vitatu vya namna hiyo kwa kikombe ni 21. Vikombe vitano kwa siku, 105. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayopata kwa chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ndiyo bora zaidi. Mimi nilikuwa namaliza kiwango cha siku mbili kwenye chai peke yake. Soda haimo humo; nilisoma kwenye chupa nikazidisha, nusu lita ikatoka na gramu hamsini na kitu, nikafunga hesabu.

Binti hakusema neno. Alifagia zile chembe kwa kiganja akazirudisha mkebeni.

Siku ya 3

Kichwa kinagonga kama gereji. Mama watoto anasema si sukari inayonidai ila majani ya chai, kwa sababu nimetoka vikombe vitano nikaingia viwili kwa mpigo. Huenda ana haki. Nimeuza plagi za petroli kwa mtu mwenye gari la dizeli, akarudi akinitazama kwa huruma.

Siku ya 5, Ijumaa

Ijumaa ya kwanza nimekula. Uji wa wimbi asubuhi, mchana wali kidogo na ndengu na sukuma wiki. Saa kumi na mbili nikasimama mbele ya watu waliokauka midomo, mimi yangu ikiwa laini.

Nilikuwa nimepanga kueleza: muuguzi, vipimo, mradi. Nikajikuta nimenyamaza. Na katika kunyamaza nikagundua jambo linaloniuma. Kilichonisumbua si kwamba sijafunga. Ni kwamba hakuna wa kujua kama nimefunga. Bwana wetu alisema ukifunga unawe uso na ujipake mafuta, watu wasikuone. Miaka kumi na miwili sauti yangu ya Ijumaa jioni ilikuwa ya kukwaruza, na sikuwahi kuinywea maji mapema hata kidogo. Ile sauti nilikuwa naipenda.

Siku ya 7, Jumapili

Siku ya kutembelea washirika. Nyumba nne hapa mtaani kwetu Umoja, Nairobi, na kila nyumba ina chupa ya chai. Asiyejua chai yetu ya kupikwa ajue kwamba sukari huingia sufuriani pamoja na maziwa na majani. Inapofika mbele yako haitengani tena, kama ndoa. Huwezi kusema "usinitilie".

Nyumba ya kwanza nikanywa. Ya pili nikasema nimetosheka, na mama mwenye nyumba akaniuliza, "Kwani chai yangu ina nini, Mzee?" Akaitazama chupa kana kwamba nimeiona na nzi. Nikanywa. Ya tatu nikanywa, na mandazi mawili. Ya nne sikumbuki.

Luka sura ya kumi inasema vileni vyakula viwekwavyo mbele yenu. Leo nimelitumia neno hilo kama leseni ya udereva.

Siku ya 10, Jumatano

Habari ya mtama.

Wengi hapa mjini wanajua "mfungo wa Danieli", na wengi huufanya ili wapungue. Nimeisoma upya sura ya kwanza polepole. Kwanza, Danieli hakuwa anatafuta kiuno; alikuwa anakataa kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Pili, baada ya siku kumi imeandikwa kwamba miili yao ilikuwa imenenepa kuliko ya wale vijana wengine. Imenenepa! Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hiyo na hakuna aliyesimama hapo.

Tatu, Biblia yangu ya Union inasema "watupe mtama tule, na maji tunywe". Tafsiri nyingine ya Kiswahili niliyo nayo inasema mboga. Nilimuuliza mchungaji, akasema neno la Kiebrania linatokana na mbegu, lina maana ya vitu vilivyopandwa, kwa hiyo kila mfasiri alichota upande wake. Mimi nikachota mtama.

Nyamakima, kwenye maduka ya nafaka, si mbali na duka letu la Grogan. Nikaenda mchana, nikapita magunia ya maharagwe, njugu, wimbi, dengu, nikanunua mtama mwekundu kilo mbili, jioni nikaupeleka kwenye mashine ya posho. Nikajipikia mwenyewe, maana mama watoto alisema mradi ni wangu.

Ugali ulitoka na rangi ya tofali na tabia ya mchanga. Ukiukata unamomonyoka, ukiufinyanga unang'ang'ania vidole. Watoto wakakaa kimya kwa adabu ambayo sijaiona kwao tangu Krismasi. Jirani yetu wa kutoka Siaya aliletwa kuutazama kama anayeletwa kutambua maiti. "Baba, huu umeupika peke yake?" akauliza. "Mtama huchanganywa na unga wa muhogo. Muhogo ndio unaoushika." Kesho yake akaleta unga wake kwenye karatasi, akanionyesha kuutia kidogo kidogo na kuugeuza kwa mwiko mpaka sauti ya sufuria ibadilike. Ulishika. Ulikuwa mtamu, hasa kwa osuga, ile mboga chungu ya mnavu, na omena, yaani dagaa.

Nilimpigia muuguzi simu kumpasha habari hiyo njema. Akasema nafaka isiyokobolewa ni nzuri, pumba zake huchelewesha sukari kuingia mwilini. Kisha akauliza nilikula kiasi gani. Nikasema kiasi. "Mzee, ugali wa mtama ukiwa mlima bado ni mlima. Kiasi cha ngumi yako." Nikaitazama ngumi yangu. Nashukuru Mungu si ndogo.

Siku ya 13

Hakuna jambo. Nimekula, nimeacha. Siku kama hii haina ushuhuda.

Siku ya 16, Jumanne

Mama wa kibanda amenizoea kwa jina la chakula. Nikitokea tu hupaza sauti, "Chapo tatu madondo ya Mzee!" yaani chapati tatu na maharagwe. Leo nikamwambia: chapo moja, madondo, na mboga nyingi ya kienyeji. Akasimama na upawa hewani.

"Mzee, biashara imeharibika?"

"Imeharibika tumbo, mama."

Akaniwekea terere, yaani mchicha, mpaka sahani ikafunikwa, na hakuongeza bei. Mwenzangu wa dukani aliitazama sahani akasema naonekana kama mtu anayelisha sungura. Nilipomaliza nilibaki na njaa ndogo, ile ya ukubwa wa tunda. Nikakaa nayo. Baada ya dakika kama ishirini sikuiona tena. Miaka yote hii sikuwahi kuipa nafasi ya kuondoka yenyewe.

Pia nimeanza kushuka matatu kwenye stendi ya Muthurwa na kumalizia kwa miguu hadi dukani. Ni dakika ishirini na ushee, ukikwepa mikokoteni.

Siku ya 23, Jumanne

Niandike kama ilivyokuwa.

Mteja wa siku nyingi alichukua shokomzoba nne za gari kwa mkopo mwezi uliopita. Leo nilimpigia mara sita, na mara sita yule mama wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Mwenye duka akasema deni litakatwa kwenye mshahara wangu. Nilirudi nyumbani nikala sahani yangu moja, nikaomba na familia, nikalala.

Saa tano na nusu usiku nikaamka. Mama watoto alikuwa ameandalia wenzake wa chama mchana, na nilijua kilichobaki kiko wapi. Sikuwasha taa ya jikoni. Nilifungua hotipoti kwa vidole viwili ili kifuniko kisilie. Chapati zilikuwa bado na uvuguvugu chini, zile za kukunjwa kama konokono ambazo ukizivuta zinaachia tabaka kwa tabaka na mafuta yanabaki kwenye dole gumba. Ya kwanza sikuionja hata kidogo. Ya pili nilikula nikiegemea sinki. Ya tatu nikakumbuka sharti la kukaa, na sikukaa. Nilikula tano. Nikanywa maji ya mfereji, nikafunga kifuniko, nikafuta mdomo kwa taulo ya watoto.

Wakati narudi chumbani nilikuwa na majuto, ndiyo. Lakini wazo lilinijia lenye upole wa ajabu: kesho nitafunga. Mara ile ile mzigo ukatua. Nikajisikia msafi. Karibu nilale nikitabasamu.

Hapo ndipo nilipokaa kitandani gizani nikaogopa. Nililijua lile tabasamu. Ni la kila Alhamisi usiku.

Siku ya 24, Jumatano

Sharti la kwanza linasema hakuna kufunga. Asubuhi hii nilikuwa tayari kumlipa Mungu siku nzima ya njaa kavu, na badala yake nikaletewa uji na yai la kuchemsha. Sijawahi kula chakula kigumu namna ile. Kufunga kungekuwa risiti: nimekosa, nimelipa, tumemalizana. Kula uji kama mtoto aliyesamehewa, bila kulipa chochote, kulinitoa machozi mbele ya mama watoto, ikabidi nimweleze habari za hotipoti. Alikuwa anajua. Alizihesabu alfajiri.

Mchana dukani nilifikiria Esau. Tunamcheka kwa kuuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Lakini alitoka nyikani akiwa hoi, na mtu aliye hoi hana bei. Mimi kila Ijumaa nilikuwa najifanya Esau kwa makusudi, nakaa na njaa mpaka jioni, halafu nashangaa kwa nini nauza kila kitu saa kumi na mbili. Silaumu mfungo. Musa alifunga, Bwana alifunga. Nalaumu jinsi nilivyougeuza kuwa akiba ya kulipia ulafi.

Sehemu hii nimemsomea mchungaji. Hakucheka safari hii. Aliniuliza kama ningependa kuisema mbele za watu, nikamwambia bado.

Siku ya 28, Jumapili

Nyumba tatu. Nimejifunza kusema mapema, kabla ya chupa kufunguliwa, na kusema ukweli badala ya "nimetosheka": sukari yangu imepanda, naomba chai bila sukari, au hata maji ya moto yenye tangawizi.

Kwenye nyumba ya pili, ile ya mama aliyeniuliza chai yake ina nini, aliingia jikoni akakawia. Akarudi na chupa nyingine, ndogo, ya buluu. "Baba yao ana sukari mwaka wa tatu sasa," akasema akimimina. "Hapa ndani hakuna anayetia. Ile nyingine tulikuwa tunakupikia wewe."

Mume wake alikuwa amekaa pale pale siku zote hizo, na kila nilipowatembelea alikunywa chai yetu ya sukari ili wageni wasijue. Mimi ni mzee wake wa kanisa. Nimemwombea biashara, nimemwombea karo, nimemwombea kijana wake aliyeko Qatar. Tukatazamana juu ya vikombe. Akaniuliza vipimo vyangu, nami nikamuuliza vyake, na kwa mara ya kwanza tukazungumza zaidi ya saa moja.

Siku ya 34, Jumamosi

Ruracio, sherehe ya mahari, ya mpwa wangu, Limuru. Mukimo wa viazi vya kupondwa, nyama ya mbuzi, pilau, soda kwa kreti. Sahani moja, na ilikuwa kubwa, sitadanganya. Soda hapana. Shangazi alinitilia mukimo wa pili nikiwa nageuka kusalimia watu, nikampelekea kijana wa tenti. Imeandikwa pia kwamba Mwana wa Adamu alikuja akila na kunywa mpaka wakamwita mlafi. Kula kwa furaha si dhambi, na siku ya karamu sitaki kuwa yule anayehesabu mbele ya bibi harusi.

Siku ya 40, Ijumaa

Sukari 6.0. Presha 138 kwa 86. Uzito kilo 91 na kidogo. Kiuno 104 na nusu.

Nilitarajia makofi. Muuguzi alisema ni mwendo mzuri, kisha akanionyesha kwamba anataka iwe chini ya 5.6, na kwamba namba ya asubuhi moja inaweza kudanganya. Nirudi baada ya muda kwa kipimo kile kingine cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu. "Hicho hukifungii siku moja kabla," akasema. Nadhani aliona usoni kwamba nilishafikiria.

Nikamuuliza kuhusu Ijumaa zangu. Akasema kwa kuwa situmii dawa za sukari naweza, lakini ninywe maji, na jioni nile kama ninavyokula siku nyingine yoyote. Aliyeko kwenye dawa aulize daktari wake kwanza. Nilimpelekea neno hilo yule baba wa chupa ya buluu.

Siku ya 47, Ijumaa, nje ya hesabu

Nimefunga, na nimekunywa maji. Sauti yangu kwenye maombi ilikuwa ya kawaida kabisa, dada mmoja akaniuliza kama leo nimekula. Nikasema "Bwana asifiwe" nikapita.

Nimefungua nyumbani, nimekaa mezani, taa imewashwa. Vipande viwili vya nduma, kunde, kipande cha samaki. Nilipomaliza mikono ilikuwa inatetemeka kidogo, na hotipoti ilikuwa pale pale mezani. Mama watoto hajaificha na sikumwomba aifiche.

"Nikuongezee?" akauliza.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Akangoja, upawa mkononi.